Mazimwi ya Vizibo vya Soda

Wiki nzima nililala vibaya kwa sababu ya boksi. Lilikuwa la sabuni ya mche, na ndani yake, yamefungwa moja moja kwa magazeti, mlikuwa na mazimwi yangu ya udongo. Baba mdogo alikuwa amenipatia kazi ya ukarani kwenye ghala la vifaa vya uchimbaji kule Geita. Alipoliona boksi limekaa mlangoni karibu na begi langu, akasema hilo libaki hapa nyumbani Maganzo, kwani mimi sasa ni msomi na msomi haendi kazini na midoli. Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningenuna, yakaisha. Badala yake nikaanza kuwaza. Nikiyapeleka, wapangaji wenzangu watanionaje? Nikiyaacha, nani atayatunza? Na mtu mwenye shahada anayeogopa kuulizwa habari za udongo, ataweza kweli kuulizwa habari za ghala zima?

Ngoja nikueleze yalikotoka, labda utanielewa.

Nililelewa na bibi, katika nyumba iliyopakana na machimbo madogo ya almasi. Tuliamshwa na machekeche ya wachimbaji kabla jogoo hajafungua mdomo. Kisha ilikuja harufu ya michembe inayochemka jikoni, ile harufu tamu na nzito ya viazi vilivyokauka juani, na bibi akituita tutwange karanga za kulia.

Nasema tutwange kwa sababu binti wa jirani alikuwa kwetu muda wote. Vita yetu ilianza msimu mmoja baada ya mavuno, tulipotoka kutazama ngoma za Kisukuma za Bagika na Bagalu. Kama hujawahi kuziona, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huyu akileta nyoka, yule analeta fisi, na anayeshinda ni aliyevuta watazamaji wengi upande wake. Tuliporudi nyumbani tukaona hatuwezi kungoja mavuno mengine. Tukaanzisha ngoma yetu juu ya meza ya bibi, na wachezaji wetu wakawa mazimwi.

Zimwi lilitembea kwa urefu wa kamba, lilipiga kwa kurusha kokwa za ukwaju zilizopasuliwa, na likiuawa liliondoka mezani. Lakini ushindi haukuwa wa aliyeua wengi. Mwishoni tulitazama watoto wa mtaa wamesimama upande gani wa meza. Kwa hiyo jeshi baya lilishindwa hata likiua wote, na ndiyo sababu tulijifunza kupaka rangi kama watu wanaopigania maisha yao.

Udongo tulichimba kwenye kichuguu, maana hauna mchanga na haupasuki ovyo. Ukikauka kivulini tulilipaka zimwi zima masizi ya sufuria yaliyokorogwa na gundi. Halafu ndipo kazi yenyewe. Unachukua brashi ya manyoya ya mkia wa mbuzi, unaichovya kwenye rangi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka unadhani haina kitu, kisha unaipitisha juu juu. Rangi inashika pembe na mbavu tu, mabondeni panabaki peusi, na udongo unaanza kuonekana kama unapumua. Macho tuliweka kwa mwiba na rangi ya kucha. Mwisho, kitako: kizibo cha soda, gundi, na changarawe laini iliyotupwa na wachimbaji, tuliyoichuja kwa chujio la chai la bibi. Alilalamikia chujio lile mpaka akachoka.

Siku niliyoleta fisi wangu mwenye vichwa viwili, mtaa wote ulihamia upande wangu. Akaja hata mchimbaji mmoja aliyekuwa akipita na chekeche begani. Akainama. Akakaa ameinama.

"Mayu," akamuuliza bibi, akimwita mama kwa Kisukuma, "hii iliyo chini ya fisi ni nini?"

"Ni nchi anayokanyaga," bibi akajibu.

Mtu wa kwingine angesifu rangi. Huyu aliona kitu kinang'aa miguuni mwa fisi. Akakwangua kwa ukucha, akapulizia punje ile pumzi kuona kama ukungu unakaa juu yake, maana almasi haishiki ukungu, akawaita wenzake. Baada ya muda mfupi meza ilikuwa imejaa wanaume wazima wakipindua mazimwi yetu, wakibandua vitako, wakipulizia changarawe punje kwa punje. Binti wa jirani alishika mchi. Mimi nililia tu.

Bibi akachukua kigoda chake, akakiweka penye mlango wa ua, akakaa.

"Aliyebandua atabandika," akasema. "Hatoki mtu hapa kabla fisi wa mjukuu wangu hajasimama."

"Bibi, sisi ni watu wazima," mmoja akalalamika.

"Ndiyo maana nasema mara moja."

Walicheka kwanza, kisha wakakaa chini. Almasi haikuwepo. Lilikuwepo kopo la gundi, na vidole vizito vilivyozoea sururu vikipanga punje juu ya vizibo, huku wakitaniana: wewe umempa fisi jangwa, atakunywa wapi? Walipomaliza hawakuondoka. Waliuliza vita inaendelea lini.

Sasa bibi hayupo. Malundo ya changarawe yamesawazishwa, juu yake pana nyumba za bati la rangi. Binti wa jirani ameolewa Kahama, na nikimtumia picha ananijibu kwa kidole gumba. Chuoni niliona kwenye simu kwamba huko duniani watu wenye mvi wanapaka mazimwi ya plastiki na kuyapiganisha mezani, na hakuna anayewaambia wakue. Nilifurahi, halafu nikakasirika kwamba nilihitaji kuwaona wao kwanza. Bibi alishafunga mlango wa ua kwa ajili ya kitu hiki. Nami nilikuwa nataka kukifungia stoo kwa sababu ya sentensi moja ya baba mdogo.

Asubuhi ya safari baba mdogo alikuja na pikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaliona boksi mikononi mwangu.

"Nilisema libaki."

"Nilisikia, baba mdogo. Linakwenda."

"Mbele hakuna nafasi. Na huko nyuma kuna upepo."

"Nitakaa nalo nyuma."

Akawasha gari. Nilifika Geita nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Jumapili ya kwanza nilitoa meza barazani, mahali ambapo wapangaji wote wanapita kwenda bombani, nikapanga rangi, nikafungua magazeti. Jirani wa chumba cha pili, mchimbaji, akasimama na ndoo yake.

"Dada, hayo ni ya mganga?"

Zamani ningetafuta jibu siku tatu.

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Ni yangu."

Nikachovya brashi.