Msimu Nilioitwa Nne

Msimu ule walifukuzwa makocha wawili kabla ya Krismasi, na nilikuwa nimeshachoka kusikia kwamba tatizo ni kocha. Wa kwanza alitukimbiza milimani mpaka siku ya mechi tukaingia uwanjani miguu imekwisha. Wa pili alipenda vizibo vya soda. Alivipanga mezani, akavisogeza, akatuonyesha nani aende wapi. Vizibo vilicheza vizuri sana. Sisi tulifungwa matatu nyumbani, na kesho yake sokoni muuza nyanya akaniuliza kama timu ya Babati ina beki.

Beki nilikuwa mimi. Namba nne, mkubwa kuliko wote kikosini, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Nilitaka timu isishuke daraja, nami nibaki nayo mwaka mmoja au miwili zaidi. Mapacha wangu walikuwa na miaka miwili tu. Nilitaka wafike umri wa kukumbuka kwamba walimwona baba yao akicheza.

Nyuma yangu golini alisimama kijana wa miaka ishirini na mbili, jirani yangu wa Maisaka. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake alipopata kipaimara. Wazazi wake walimlea vizuri mno, na malezi hayo ndiyo yaliyokuwa yanatumaliza.

Kocha wa tatu alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti. Siku tatu za kwanza, mazoezini kule Bonga, alisimama nyuma ya goli akisikiliza tu. Nikajisemea, huyu naye hatamaliza mwezi. Siku ya nne akatukusanya.

"Golikipa, jana ile krosi ilipokuja, ulimwambia nini namba nne?"

Kijana akaangalia viatu vyake. "Nilimwambia, Baba Mapacha, naomba usogee kushoto kidogo."

"Ulipomaliza kusema, mpira ulikuwa wapi?"

"Wavuni, kocha."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Kocha akasema kuanzia siku hiyo, ukishavuka mstari wa chaki, hakuna shikamoo, hakuna baba wala kaka. Ni namba ya jezi na neno moja, basi.

Zoezi likaanza, na mara ya kwanza kijana alipoita "Nne, kushoto," nilisimama nikageuka kumtazama. Mpira ukanipita. "Unamwita nani?" nikamuuliza. Akasema, "Samahani, baba." Kocha akanitoa nje palepale.

Nilikula benchi mechi tatu. Nafasi yangu alipewa beki aliyetoka mkoa mwingine, ambaye kijana hakumwonea haya hata kidogo. Alimkaripia dakika zote tisini. Tukatoka sare. Tukashinda. Tukashinda tena. Mji ukaanza kumsifu kocha, na mimi nimekaa pale na viatu visafi, nimekereka kiasi kwamba mechi ya tatu niliomba tufungwe. Nasema ukweli, niliomba kabisa. Niliporudi nyumbani niliona aibu.

Jumapili baada ya misa nikamwita kijana pembeni ya kanisa. "Kuanzia leo uwanjani niite Nne."

"Baba, mdomo unakataa."

"Ulazimishe. Sema sasa hivi."

Akaangalia kwanza mama yake amesimama wapi. "Nne," akasema, taratibu kama anayeungama. Nikamwambia apaze sauti. Akasema tena, akaongeza "tafadhali." Nilitamani kumzaba kofi. Tulirudia mara saba au nane, waumini wakipita wanatushangaa, mpaka akaniita kwa sauti iliyonikera kweli. Nikamwambia hiyo ndiyo ninayoitaka.

Kocha akanirudisha kikosini. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tusishuke. Mke wangu alikuja na mapacha, wakalala mapajani pake kipindi chote cha pili. Dakika za mwisho, bado hakuna aliyefunga, ikaja krosi ya juu. Nilikuwa nimeshaanza kuruka kuipiga kichwa.

"Nne, acha."

Miaka yote ile ningeupiga tu, kwa sababu nani wa kuniambia niache? Nikainamisha kichwa. Mpira ukapita juu yangu ukaingia mikononi mwake. Filimbi ikalia, tukabaki.

Wiki mbili baadaye kocha aliniita ofisini akaniambia mkataba hautaongezwa. Alisema masikio yangu yamekuwa mazuri, ila miguu imechoka. Nilimkasirikia, na hasira hizo bado ninazo, ingawa najua hakukosea.

Msimu mpya ulipoanza nilikwenda na mapacha kukaa jukwaani. Jezi yangu ilikuwa mgongoni mwa yule beki wa mkoa mwingine. Kipindi cha pili sauti ikatoka golini, "Nne, kulia," na mguu wangu ukaenda kulia wenyewe, nikamkanyaga pacha mmoja akaanza kulia. Nikambeba, nikamtuliza.

Tulishinda. Baada ya mechi kijana akaja mpaka kwenye uzio, amevua glovu, ameinamisha kichwa kama zamani.

"Shikamoo, Baba Mapacha."

"Marahaba," nikamjibu. Sijawahi kuichukia salamu kama siku ile.