Niliandika kwamba mwanangu amehama, na mwanangu yuko hapa nyumbani

Admin, naomba ufiche jina langu, la shule na la mtaa. Huku kwetu makarani tunahesabika, nikitaja kidogo tu nitajulikana.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mama wa binti mmoja wa miaka minane. Naishi Msumbiji, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni karani katika sekretaria, yaani ofisi, ya shule ya msingi, kwa kontrato, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mume wangu ni mpishi ndani ya uzio wa mradi wa gesi wa Afungi, hurudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Mengi nayabeba peke yangu, na leo naandika nikiwa na hasira.

Binti yangu ana usonji. Daktari aliandika autismo kwenye karatasi, akanieleza kwa upole. Hasemi sana, lakini anasoma namba za malori yote yanayopita kwenda Afungi na hakosei hata moja. Alisoma darasa la kwanza miezi minne. Mwalimu wake alimweka karibu na dirisha, mbali na kengele, na mtoto akatulia. Kisha mwalimu yule akahamishwa, na aliyekuja hakutaka usumbufu. Kengele ikigongwa, binti yangu alikuwa anapiga kelele, anaziba masikio, anakimbilia uwanjani. Wazazi wengine wakaja kulalamika kwamba ana mashetani na atawaharibu wenzake.

Diretor, yaani mkuu wa shule, akaniita. "Binti, mtoto wako si wa hapa. Shule maalumu ipo, mkoa mwingine. Mpeleke, au mweke nyumbani."

Nikamwambia, "Mkuu, huko atalala bweni na watu asiowajua. Hata mimi mama yake, akiwa na kiu haniambii, ananivuta mkono tu."

"Hayo ni yako na mumeo. Kitabuni mwandike transferida."

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Transferida maana yake amehama. Tangu vita ianze watu wa hapa wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Mtoto akiandikwa amehama, hakuna mkaguzi anayeuliza amehamia wapi, na shule hailazimiki kueleza kwamba imemfukuza. Binti yangu hakuwa wa kwanza. Kabla yake nilishawaandika hivyo watoto wanne, wote wa hali kama yake, na sikuuliza. Nilijiambia mimi ni karani, naandika ninachoambiwa. Wa tano akawa mwanangu. Nikaandika.

Mwaka huu wazazi wa watoto hao wameungana. Anayewaongoza ni muuza samaki mmoja, nitamwita Mama Zubeda. Hawaombi huruma ya mtu. Wanasema mzazi ndiye achague: anayetaka mtoto wake asome hapa na wenzake, mtoto apokelewe, na mwalimu afundishwe namna ya kukaa naye; anayetaka shule maalumu, asaidiwe kumfikisha huko. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja mkubwa wa elimu kuwasikiliza, nami nikawekwa niandike kumbukumbu za kikao.

Yule bwana akafungua orodha yetu. "Mama, mnataka kuchagua nini? Watoto hawa wote wamehama. Shule hii haina mtoto wa hali hiyo."

Mama Zubeda alikuwa amembeba mwanawe wa miaka saba mgongoni, maana akishuka hukimbia. Miguu ya mtoto ilining'inia mpaka magotini kwa mama. Akageuka ili wote wamwone. "Huyu amehama? Basi niambieni mzigo huu ni wa nani nimrudishie mwenyewe. Tangu asubuhi kiuno kinaniuma, nadhani ni wangu."

Watu wakacheka, hata yule bwana akatabasamu. Diretor hakucheka. "Pengine walihama, wakarudi kimya kimya. Hakuna aliyekuja kuandikisha upya."

"Muongo," akasema baba mmoja kutoka nyuma, bila kupaza sauti.

Bwana akawapa mpaka Jumatatu hii wapeleke barua yenye ushahidi, la sivyo jambo limekwisha. Tulipobaki wawili, Diretor akaniambia nifute maneno ya Mama Zubeda kwenye kumbukumbu. Nikafuta. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Kontrato yako inakwisha Desemba, unakumbuka?"

Jana Mama Zubeda akaja kwangu. Anajua binti yangu yuko nyumbani, hajui ni karani yupi aliyeandika, na anaamini nimedhulumiwa kama yeye tu. "Mdogo wangu, tuandikie hiyo barua. Kireno changu ni cha kuuzia samaki, kikifika ofisini kinakufa." Nikakubali. Akanywa chai, akimtazama binti yangu akipanga vizibo vya soda sakafuni. Kisha akasema, "Namtaka huyo aliyekaa akaandika kwamba mwanangu amehama. Simpigi. Nataka nimuulize tu, alikuwa hamwoni akipita hapa kila siku?"

Nilikuwa namwona. Nikamwongezea chai.

Nina hasira na Diretor, na waliomwita mwanangu shetani, na yule mkubwa aliyeamini karatasi wakati mtoto yuko mbele ya macho yake. Zaidi ya wote nina hasira na nafsi yangu. Vitabu vya zamani vya matrikula, vya kuandikishia wanafunzi, vinavyoonyesha watoto hawa walisoma hapa, viko kabatini na ufunguo ninao, lakini bila mtu wa kusema nani aliamuru, Diretor atasema karani alikosea. Nikisema, kazi imekwisha. Mume wangu ameniambia kwenye simu, "Nyamaza, mke wangu. Mimi nami niko kwenye kazi ya watu."

Nimeandika ukurasa mzima. Nimefika mahali pa kueleza orodha ilibadilishwa na nani, na nimekwama hapo tangu asubuhi. Ninyi mliowahi kupoteza kazi kwa sababu ya kusema kweli, na ninyi wenye watoto kama wangu, semeni nami kabla ya Jumatatu. Niandike jina langu hapo? Na Mama Zubeda nimwambie kwanza, uso kwa uso, au alisikie barua ikisomwa mbele ya watu?