Dawa Yangu ya Mgongo

Kofi langu la kwanza lilimpata binti yangu kwenye sikio la kushoto, akiwa amekaa na ungo akipepeta mchele. Mchele ulimwagika uani na kuku wakauvamia. Nawakumbuka wale kuku kuliko ninavyoukumbuka uso wake, na jambo hilo linanitia aibu hadi leo.

Mikono yangu ilikuwa mikono ya timbo. Nilipomaliza kidato cha nne nilingoja kazi ya ofisini, haikuja, nikaenda timboni kukata mawe ya matumbawe ya kujengea nyumba, kwa shoka na sururu, mpaka mgongo ukakataa. Daktari mmoja wa Msambweni aliniandikia tembe kali za maumivu na kunionya nisizizidishe. Pakiti nikaitia mahali dawa zote za nyumba yetu zinapokaa, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Humo mlikuwa na dawa za kichwa, za minyoo, za malaria zilizobaki, nyingine hata hatukumbuki aliandikiwa nani. Aliyeumwa alitia mkono akatoa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna ubaya wowote.

Binti yangu alikuwa amepata kazi ya kutandika vyumba katika hoteli moja Diani. Ilibaki kitu kimoja tu, kupimwa mkojo, kama wanavyofanya hoteli nyingi siku hizi kabla ya kumwandika mtu, waone kama anatumia madawa ya kulevya. Alikuwa mkubwa wa watoto wangu, na tangu mgongo wangu uharibike, nyumba nzima ilikuwa inaingoja kazi hiyo. Asubuhi ile aliondoka na bodaboda, bahasha ya vyeti ameikumbatia kifuani, mama yake akimsomea dua mlangoni. Mimi nilikuwa nimelala chali mkekani nikingoja dawa inishike.

Siku chache baadaye, tulipotoka kuswali alasiri, mlinzi wa hoteli ile alinishika mkono nje ya msikiti, mbele za watu. Zamani tulikata mawe pamoja. Alikuja kunipa pole. Alisema mkojo wa binti yangu umekutwa na kitu cha jamii ya afyuni, na kazi imesimamishwa. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, "Ulimzika mdogo wako, ndugu yangu. Na sasa huyu."

Mdogo wangu aliuawa na unga. Nilimkuta mimi mwenyewe ndani ya gofu la nyumba kule Ukunda, sindano bado i mkononi, siafu wameshaanza macho. Watu waliosimama nami pale msikitini walimjua, wengine walikuwa wamembeba kwenye jeneza. Kila mmoja alianza kutafuta viatu vyake. Toka pale hadi nyumbani si mbali, ila sikumbuki nilivyotembea.

Baada ya kofi nilimwuliza amekula nini. Alishika sikio, akasema hajala kitu kibaya. Nikampiga ngumi. Nikamwuliza mbona basi mkojo wake umetoa afyuni.

"Nilimeza dawa, Baba," alisema. "Dawa ya hapa hapa nyumbani."

Dawa ya nini, nilimwuliza, ya ugonjwa gani, na mimi nimemwona akipika na kuteka maji kama kawaida yake. Hapo akanyamaza. Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama chini.

Kwetu binti hamwambii baba yake yale yanayompata kila mwezi. Mama naye hayataji mbele ya mumewe ila kwa kuzunguka. Haya hiyo nilimfundisha mimi, na nilijivunia mbele ya watu kwamba anayo. Siku ile niliuona ukimya wake, nikasema ni ukimya wa mwenye hatia. Nilivua mshipi. Nilimpiga mabegani, nikampiga mapajani, nikampiga usoni kwa upande wenye chuma. Hakupiga kelele, na hilo likazidi kunipandisha, maana mdogo wangu pia alipokuwa amelewa unga, ungeweza kumpiga asisikie. Damu nyembamba ilitoka sikioni, ikashuka shingoni mpaka kwenye leso. Mama yake alijitia katikati nikamsukuma, akagonga ukuta. Kilichonifanya niache ni mgongo. Ulinikata nikapiga magoti. Huruma haikuwa imefika bado.

Nilipoweza kusimama nilichukua mpini wa sururu nikatoka. Nilikuwa nimeshaamua nani anamuuzia. Ni yule kijana wa bodaboda aliyembeba siku ya kupimwa, ambaye kila mara alikuwa akimbeba, na kwa akili yangu ya siku ile hiyo ilikuwa ushahidi wa kutosha. Nilimkuta stejini, kwenye barabara kuu, amekaa juu ya pikipiki yake. Nilimwuliza anampa nini binti yangu.

"Nimpe nini, mzee?" alisema. "Mimi nambeba tu, namshusha."

Mwenzake mmoja, mtu wa bara, alicheka. "Mzee amechizi leo."

Jiwe la timbo likipasuka vizuri hutoa mlio mmoja mkavu. Goti la yule kijana lilitoa mlio huo. Nilinyanyua mpini mara ya pili, lakini wenzake walikuwa wameshanifikia. Walinipiga kwa mateke na helmeti, jino likanitoka, ubavu ukaingia ndani. Mmoja alikuwa anafungua mpira wa petroli, akiwaambia wamnyunyizie mzee huyu. Aliyewazuia alikuwa chini, ameshika goti kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Aliwaambia waniache, mimi ni baba wa watu.

Nilirudi nyumbani kabla ya magharibi, naburura mguu. Mchele ulikuwa umefagiliwa. Binti yangu alikuwa ndani, mlango umefungwa. Nilijitupa mkekani nikamwambia mke wangu aniletee dawa yangu.

Alileta kopo zima, hakuleta maji. Aliitoa pakiti akaiweka kifuani pangu. Nilivihesabu vidonge: viwili vilikuwa vimepungua kuliko nilivyomeza mimi.

"Meza," alisema. "Hiyo ndiyo afyuni yake. Tumbo lilimshika usiku wa kuamkia kupimwa, akawa anajikunja kama nyoka. Nilimpa mimi. Sasa nipige na mimi, mkono ungali moto."

Sikumpiga. Sikumeza pia.

Kesho yake niliipeleka pakiti kwenye zahanati iliyompima binti yangu, pamoja na cheti cha daktari wangu. Nesi, mama mmoja wa kutoka bara, alisoma jina la dawa mara moja tu. Alinieleza kwamba dawa ile ni ya ukoo wa afyuni, na kipimo hakijui tofauti ya aliyeimeza kwa maumivu na aliyeitumia kwa kulewa. Kila mtu huulizwa kwanza kama ametumia dawa yoyote. Binti yangu alijibu hapana, akiwa kwenye foleni na wanaume nyuma yake. Nesi alisema jambo lenyewe linaweza kurekebishwa. Binti aje mwenyewe, aeleze, apimwe upya, naye ataandikia hoteli. Nafasi ilikuwa bado haijapewa mtu.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Mlete leo leo."

Nilimwambia anaumwa.

"Anaumwa nini?"

Yule mama aliutazama mdomo wangu uliovimba, akatazama vifundo vya vidole vyangu. Ningesema kweli wakati ule, nadhani angepanda gari kuja kumpimia nyumbani. Nilisema ameteleza akiteka maji kisimani. Nilisema hivyo kwa sababu nilimwogopa yeye, na polisi, na watu wa msikitini. Uso wa binti yangu ulichukua zaidi ya wiki mbili kupungua, na sikio lilikuwa linatoa usaha. Kufikia hapo vyumba vile vilikuwa vinatandikwa na mtu mwingine.

Kijana wa bodaboda hawezi kukunja goti. Huswali kwenye kiti, safu ya nyuma, na mimi huhakikisha nimeingia msikitini kabla yake ili nisipite mbele yake. Wazee walitupatanisha. Alinisamehe mbele yao kwa sauti ya kusikika, na tangu hapo hajazungumza nami.

Binti yangu alihamia kwa shangazi yake kule Bodo, anauza samaki wa kukaanga. Mimi huenda kumwona mgongo ukiniruhusu. Hunipokea kwa adabu zote. "Shikamoo, Baba," husema, huniletea kiti na chai ya tangawizi, huuliza habari za mama yake. Kisha hurudi kwenye karai lake na kukaa nalo, kila mara upande ule ule, sikio la kushoto likinielekea.

Sikio hilo halisikii kitu. Yeye anajua na mimi najua. Nimekwisha kumwambia yote niliyoyaandika hapa, zaidi ya mara moja, naye hugeuza samaki. Ningeweza kuinuka nikahamisha kiti upande wa pili. Hajawahi kunikaribisha huko, na mimi sijathubutu kukigusa.