Ruhusa ya umeme ku ponton ya jirani

Wamama, leo nimeona kitu ya kuchukiza roho.

Jirani yetu hapa Muhumba, kando ya ziwa, ameweka lampe ya umeme ku ponton, ile daraja ya mbao ya kufungia boti yake, pale pale watoto wetu wanaogaka.
Waya iko inagusa maji. Nimeiona na macho yangu.

Citoyen mumoja, mutu wa serikali, akakuja kumupa ruhusa ya ule umeme. Alikaa mu salon ya jirani, akakula samaki sambaza za kukaanga, akapiga kashe, ule muhuri wa serikali, ku karatasi.
Ku ziwa hakushuka.

Nikamwambia mu mulango: «Citoyen, iko umeme mu maji.»
«Citoyenne, karatasi iko sawa.»
«Basi shuka unawe mikono mu ziwa, iko na mafuta ya sambaza.»

Akaangalia ziwa.
Akapangusa mikono ku koti yake ya abacost, akaenda.

Watoto wangu wataoga mu beseni. Wenu je?