Asali Isiyojua Nyuki

Sijaona wa Buyenzi aliuza asali miaka ishirini, na tumpe haki yake, kumi na mitano ya kwanza ilikuwa asali kweli. Vita vilipofunga barabara ya Bubanza, mzee aliyemletea madumu hakushuka tena kutoka milimani, na mjane mwenye meza moja sokoni hawezi kula subira. Akachukua sukari ya miwa, maji kidogo na ndimu, akachemsha mpaka ikawa nzito, rangi ya dhahabu. Watu walilamba vidole. Kila Ijumaa alimwomba Mungu msamaha, Jumamosi akabandika sufuria tena.

Lakini umbea haulali. Hamissi, mkubwa wa soko, akatangaza kwamba asali ile itapimwa hadharani; ikionekana ni sukari, meza itapewa mtu mwingine. Akamwita Méthode, mwalimu wa kemia. Sijaona alifika siku hiyo na chupa yake.

Méthode alileta jiko dogo, mirija ya kioo na dawa ya buluu. Kwanza akachemsha dawa pamoja na sukari ya dukani: buluu ikabaki buluu. Sukari ya miwa, akaeleza, ni sukari mbili zilizoshikana, na zikishikana hivyo dawa haiziwezi. Nyuki huzitenganisha, ndiyo maana asali hugeuza rangi. Kisha akatia asali ya Sijaona. Mwenye asali alifumba macho. Alipofumbua, mrija ulikuwa mwekundu kama tofali.

Vigelegele vikapigwa. Hamissi akaomba radhi na kununua chupa mbili. Watu walipotawanyika, Méthode akainama akifunga vyombo vyake.

"Mama, mi najua ndimu na moto vinafanya kazi ya nyuki. Unatia ndimu ngapi ku kilo moja?"

Laiti angenyamaza! Lakini sifa hulevya, na Sijaona alikuwa amesifiwa na soko zima.

"Mbili, mwalimu. Na moto mudogo, apana kukoroga."

Méthode akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye Concilie, mke wa mwalimu, alipanga chupa kwenye meza ya jirani, na mbele yake mrija mmoja mwekundu. Wateja wakahamia huko, Hamissi akiwatangulia. Sijaona akafungua mdomo awaambie ile ni sukari tu. Akakumbuka kwamba watamuuliza amejuaje, akaufunga.