Nukta za Mboko

Mkubwa wetu wa ramani katika shirika la misaada alilipenda neno "wazi" kuliko alivyompenda mkewe. Alitoka mji mkuu na viatu vya ngozi ambavyo tope la mji wetu wa Baraka halikuwahi kuvigusa, kwani dereva alimshusha mlangoni. Mimi ndiye niliyetembea. Vita vilikuwa vimewatoa watu vijijini, na kazi yangu ilikuwa kushika GPS, kufika walikokimbilia, kusoma namba mbili za mahali pale na kuziingiza kama nukta kwenye faili la ramani. Mwenye kompyuta angeweza kulifungua na kufika bila kuuliza njia.

Nyuma ya mashamba ya muhogo ya Mboko, mama mmoja alinionyesha vibanda vya majani walimojificha yeye na wenzake pamoja na watoto. Akakitazama kifaa mkononi mwangu.

"Ile namba, nani ataiona?"

"Ni batu ba bureau tu, ba ofisi yetu, mama. Balete mahema."

Siku chache baadaye akaja ofisini kamanda wa kikundi kimoja cha wapiganaji, akisema anataka kutusaidia kulinda raia. Mkubwa akamkaribisha kwa chai na maziwa ya unga, yale tuliyokuwa tunaambiwa yamekwisha. Kisha akamnakilia faili zima kwenye disketi.

"Chef," nikasema, "mule ndani kuko fasi, mahali batu banajificha."

"Data ni ya wote," akajibu kwa Kifaransa chake cha puani, bila hata kugeuka. "Anayeficha ndiye anayefanya siasa."

Kamanda akacheka. Mkubwa naye akacheka, kama mbwa aliyetupiwa mfupa.

Nikaazima baiskeli, nikaenda Mboko, nikamwambia yule mama ukweli. Hakunitukana. Aliwaita wenzake, wakabeba sufuria na watoto, wakapanda milimani.

Askari wa kamanda yule walipofika walikuta vibanda vitupu. Waling'oa muhogo, wakachoma majani.

Habari ilipotufikia, mkubwa aliifuta ile nukta ya vibanda kwenye ramani, akatuita tuone.

"Munaona? Faili yetu inaenda na wakati."

Hakuuliza watu wako wapi. Nami sikumwambia.

Baadaye walimpandisha cheo, wakampeleka kwenye ofisi kubwa zaidi. Walichinja mbuzi wa kumuaga. Nilikula nyama ile mpaka nikashiba, na aliponyoosha mkono kuniaga nilikuwa nimeshika sahani kwa mikono yote miwili.