Baba Alipokuwa Bize

Neno bize liliingia nyumbani kwetu Singida mjini pamoja na sabuni za kunukia, miaka ile ya ruksa ya biashara, kila mwenye chumba cha mbele alipotoboa dirisha na kukiita duka. Baba naye alitoboa. Akaenda Shelui kununua vitu kwenye malori, akarudi na katoni mbili za sabuni na neno moja la Kiingereza. Madereva kule walikuwa wakiambiana kwamba wako bize. Akaniuliza maana yake, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mimi ndiye niliyekuwa kamusi ya nyumba.

Nikamwambia ni kuwa na shughuli nyingi. Ningejua, ningemwambia ni jina la ugonjwa.

Tangu siku hiyo baba hakuwa na nafasi tena. Akiitwa kula, yuko bize. Rafiki yake wa Unyambwa akija kumsalimia, na salamu za kwetu zinaanza na wewe, zinapita kwa watoto, ng'ombe na mvua, mpaka zifike kwenye mtama, baba anainua kiganja tu: bize. Na hapo amekaa nyuma ya sabuni zake anasinzia. Mama akamuuliza siku moja anashughulika na nini hasa, maana hata nzi wa dukani walikuwa wameshamzoea. Mimi nikamweleza kwamba neno lile halitumiki hivyo, kwamba mtu aliyekuja kukuona unamsalimia kwanza. Akanijibu kuwa Kiingereza changu ni cha darasani, chake ni cha barabarani.

Tulicheka sana nyumbani. Mimi niliacha kucheka siku ya posa yangu.

Nilikuwa nimempenda kijana wa Itigi, mfanyabiashara wa asali, na nilimtaka hasa, sikutafutiwa na mtu. Washenga wake wakaja, wazee wawili, na dumu la asali. Kwa desturi mimi nilitakiwa kukaa ndani nisionekane hata unyayo. Mama akawatandikia mkeka kibarazani, akawapa maji, akaenda kumwita baba chumbani kwake. Mlango ulikuwa umerudishwa. Sauti ikatoka ndani, na kibarazani nako ikasikika vizuri tu.

"Waambie niko bize."

Jamani, baba yangu! Wale wazee neno walilijua. Siku hizo kila karani alilitumia kukufukuzia mlangoni. Nikachungulia penye pazia. Mzee mkubwa alikuwa ameshasimama, anamwambia mama kwa upole kabisa:

"Mama, tumeelewa. Mtu akiwa bize siku ya posa, ameshatoa jibu."

Akainama, akachukua dumu lake. Dumu likiondoka, na mchumba ameondoka, kwa sababu wazee wale wasingerudi mara ya pili. Roho iliniuma sijapata kuona. Nikatoka, mwali mzima, mbele za washenga wangu mwenyewe, nikapiga goti nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, macho yamemtoka. Kabla hajasema zaidi nikampokea dumu, kama mgeni yeyote anavyopokewa mzigo, nikaingia nalo ndani. Kwetu mgeni aliyepokewa mzigo amekaribishwa, haondoki hivi hivi. Nikasikia mkeka unalia, wamekaa tena.

Nikausukuma mlango wa baba kwa hasira. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu mpya mwilini, kofia mkononi, hafanyi kitu chochote. Macho yalikuwa mekundu. Baba yangu alikuwa analia, na hakutaka wageni wamwone.

"Baba, wageni wanakungoja."

"Najua," akasema. "Niko bize."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nikayaacha. Nikamfuta uso kwa kanga yangu, nikamvika kofia. Akajikohoza, akatoka kibarazani, akawapa wale wazee salamu ndefu ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwake tangu alete lile neno: watoto, ng'ombe, mvua, mtama, mpaka nyuki wa Itigi akawajulia hali.

Nimeishi Itigi miaka mingi sasa, na nimekutana na watu wengi walio bize, wenye ofisi na simu mbili mbili. Sijamwona bado aliyekuwa bize kama baba siku ile.